Mgeni Jukwaani: Miezi ya Mwanzo ya Mwanamuziki katika Bendi za Dansi Jijini Nairobi

Ikisiri

Makala hii inachunguza hali ya mwanamuziki anayejiunga na bendi ya dansi ambayo tayari ina desturi, nyimbo na wafuasi wake. Kwa kutumia kisa cha kuzaliwa kwa Les Wanyika jijini Nairobi mwaka 1978, pamoja na tajriba ya mwandishi katika bendi moja ndogo ya Kawangware, makala inaonyesha kwamba kuingia kwa mgeni ni sehemu ya utunzi wa wimbo. Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili utabaki na pengo endapo utaendelea kumwacha mgeni huyo nje ya maelezo yake.

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika bendi za dansi methali hii hupinduliwa. Mwanamuziki mgeni hupewa jembe usiku ule ule wa kwanza, lakini kiti hukipata baada ya miezi mingi, na pengine asikipate kamwe.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuchambua wimbo wa dansi kama tunavyolichambua shairi. Huyanakili maneno yake kutoka kwenye santuri au kanda, tukayagawa katika beti, tukatafuta maudhui, tamathali na nafsineni. Hatimaye huupa wimbo mtunzi mmoja, aghalabu yule ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Utaratibu huo una manufaa yake. Hata hivyo, unatuficha jambo moja la kimsingi: wimbo wa dansi huzaliwa katika kundi, na kundi lenyewe halitulii. Watu huingia, wengine hutoka, na kila anayeingia huja na sikio alilolifunza kwingine.

Hoja ya makala hii ni kwamba miezi ya mwanzo ya mgeni katika bendi, hasa anaposafiri nayo kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, ni kipindi cha utunzi. Mgeni hufunzwa kusikiliza. Nayo bendi, ipende isipende, hulazimika kujisikiliza upya.

Mkabala wa Uchunguzi

Mwaka 1909 mwanaethnografia Arnold van Gennep alichapisha kitabu kuhusu kaida za mpito, akaonyesha kwamba mtu anayetoka hali moja ya kijamii kwenda nyingine hupitia hatua tatu: hutengwa na hali yake ya zamani, hukaa kizingitini kwa muda, kisha hupokelewa katika hali mpya. Kwetu Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali kuuelewa mpangilio huu. Jando na unyago vimejengwa juu ya hatua hizo hizo.

Mwanamuziki anayeiacha bendi moja na kujiunga na nyingine naye hutengwa, huketi kizingitini, kisha hupokelewa. Tofauti moja, hata hivyo, ni muhimu. Mwali wa unyago ana kungwi, na kungwi huyo ana wajibu wa kumfikisha mwali mwisho wa safari. Mgeni wa bendi hana kungwi aliyeteuliwa. Akikosea anaweza kuachwa pale pale kizingitini, na bendi ikaendelea na safari. Katika uchambuzi unaofuata, tofauti hii ndiyo inayoyapa mambo uzito wake.

Usuli: Njia za Kufikia Nairobi

Safari za wanamuziki katika vikundi si jambo jipya katika historia ya muziki wa Kenya. Fundi Konde, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waimbaji mashuhuri wa Kiswahili, alitumikia kikosi cha burudani cha askari wa KAR wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika miaka ya 1960, Equator Sound Band ya Nairobi iliwakusanya Fadhili William, Daudi Kabaka na wenzao wa Kenya, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Tangu hapo tunaona kwamba wimbo wa Kiswahili wa Nairobi ulitungwa na watu ambao baadhi yao walikikuta Kiswahili cha jiji hili njiani.

Njia kuu za miaka ya 1970 zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitoka Tanga. Ndugu Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga waliipigia Jamhuri Jazz ya Tanga, wakahamia Arusha na kuunda Arusha Jazz, wakashuka Mombasa, na hatimaye wakafika Nairobi wakiwa Simba Wanyika. Njia ya pili ilitoka Kongo. Super Mazembe walifika Nairobi mwaka 1974 wakitokea Zambia. Mwaka 1976, wanamuziki walioiacha bendi ya Baba Gaston waliunda Les Mangelepa. Samba Mapangala aliwasili mwaka 1977 na kundi la Les Kinois baada ya kupitia Uganda, na baadaye akaiongoza Orchestra Virunga.

Nairobi iliwavutia wote hawa kwa sababu ilikuwa na vitu viwili vilivyokaa karibu karibu: studio na maduka ya santuri katikati ya jiji, hasa maeneo ya River Road, na kumbi zilizohitaji muziki wa moja kwa moja kila mwisho wa juma. Kumbi hizo hazikuwa katikati ya jiji pekee. Ukiifuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi unafika Dagoretti Corner, ambako ukumbi wa Bombax ulijulikana kwa muziki wa bendi. Na mbele ya hapo, Kawangware na Kangemi, mitaa ya wafanyakazi, ilikuwa na baa nyingi ndogo ambazo hazikujulikana nje ya mitaa hiyo. Bendi iliyopiga katikati ya jiji Jumamosi iliweza kupiga mtaani Jumapili alasiri, kwa wasikilizaji tofauti kabisa.

Kisa cha Mwaka 1978

Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa waliokuwa mhimili wa Simba Wanyika waliwaacha ndugu Kinyonga. Miongoni mwao walikuwa Omar Shabani wa gitaa la kati, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma. Alikuwapo pia mwimbaji Issa Juma, ambaye alikuwa na takriban mwezi mmoja tu tangu ajiunge na bendi hiyo. Kundi hili lilijiita Les Wanyika. Aliongezwa John Ngereza, Mtanzania aliyekuwa akipiga gitaa hapa Kenya katika bendi ya Kikongo iitwayo Orchestra Jobiso. Walifanya mazoezi kwa muda wa miezi sita hivi kabla ya kupata ukumbi wa kudumu, Garden Square, katikati ya jiji. Baada ya muda mfupi walitoa wimbo "Sina Makosa", nao ukavuma Afrika Mashariki nzima.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mfarakano. Tukikisoma upande wa wageni, tunaona mambo matatu.

Kwanza, ugeni si suala la umri wala la kipaji. Issa Juma alikuwa mgeni mara mbili mfululizo: mgeni katika Simba Wanyika, na kabla hajazoea, mwanzilishi wa bendi mpya. Mwaka 1981 aliunda Super Wanyika Stars, akawa yeye ndiye mwenyeji anayewapokea wengine.

Pili, miezi sita ni muda mrefu kwa mtu anayekula kwa gitaa. Shabani, Malanga na Rashid Juma walikuja pamoja wakiwa na mazoea yao. Ngereza alitoka katika bendi ya Kikongo, na ni yeye, mgeni, aliyewekwa mbele kwa gitaa la solo na kwa sauti. Ukiisikiliza "Sina Makosa" leo, utasikia gitaa la kati likirudia kifungu chake bila haraka, besi ikiacha nafasi, na sauti ikipita katika nafasi hizo kwa utulivu. Mpangilio wa namna hiyo haupatikani kwa kila mmoja kuijua sehemu yake tu. Hupatikana pale kila mmoja anapojua mahali ambapo mwenzake atanyamaza.

Tatu, mgeni wa bendi alikuwa pia mgeni wa nchi. Mpaka kati ya Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, nao haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Mwanamuziki wa Kitanzania aliyekosana na bendi yake Nairobi mwaka 1978 hakuwa na njia rahisi ya kurudi nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980 tatizo la vibali vya kazi liliwasumbua wanamuziki wengi wa kigeni. Kwa hiyo tunaposema mgeni "aliachwa kizingitini", hatusemi kwa sitiari tu.

Jina lenyewe la bendi linastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. "Wanyika" ni Kiswahili: wa nyika. "Les" ni kibainishi cha wingi cha Kifaransa, kilichozoeleka Nairobi kupitia majina ya bendi za Kikongo. Watanzania waliokuwa wakiimba kwa Kiswahili jijini Nairobi walikitwaa kibainishi hicho na kukipachika mbele ya neno ambalo tayari lilikuwa na alama ya wingi ya Kiswahili. Sarufi haikuhitaji alama mbili za wingi. Soko lilizihitaji, kwani moja ilisema tumetoka wapi na nyingine ikasema tunataka kusikika kama nani.

Kati ya Santuri na Ukumbi

Kabla ya kufika kwenye tajriba yangu, yafaa nieleze jambo moja la kiufundi. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande. Wimbo wa dansi ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza ulibeba maneno, upande wa pili ukabeba magitaa na sehemu ya kuchezea. Ukumbini wimbo huo huo haukukatwa. Uliendelea kadiri wachezaji walivyoendelea.

Mgeni aliyejifunza wimbo kutoka kwenye santuri huingia bendini akiwa anaujua mwanzo na mwisho ambao ukumbini haupo. Hilo ndilo kosa lake la kwanza karibu kila mara: hunyamaza mahali ambapo santuri ilinyamaza, huku wenzake wakiwa ndio kwanza wanaanza.

Ushuhuda wa Mwandishi

Katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya uzamili nilijiunga na bendi moja ndogo yenye makao Kawangware nikiwa mwitikiaji. Nilikuwa na sababu mbili: nilitafuta mada ya tasnifu, na nilihitaji nauli. Bendi hiyo, ambayo sitaitaja jina, iliishi kwa kupiga nyimbo za zamani za dansi pamoja na chache za kwake. Tulifanya mazoezi katika chumba cha nyuma cha baa siku za Jumanne na Alhamisi. Ijumaa tulipiga Kangemi, Jumamosi katikati ya jiji, na mara chache tulifunga vyombo juu ya matatu ya kukodi tukaenda Naivasha au Nakuru.

Kwa miezi miwili ya mwanzo malipo yangu yalikuwa nauli na chakula. Sikudanganywa, niliambiwa tangu awali kwamba vyombo vilikuwa vya kukodi na kwamba mapato hugawanywa baada ya kodi hiyo kulipwa, wakongwe kwanza. Walinipa jina la "Mwalimu", kwa kuwa nilisoma chuo kikuu. Jina hilo halikuwa la sifa tu.

Katika mazoezi ya kwanza niliimba kwa bidii, nikitaka kuonyesha kwamba najua maneno ya nyimbo zote. Mpiga besi, mzee aliyekuwa kwenye muziki kabla sijazaliwa, alisimamisha wimbo. "Kijana," aliniambia, "mdomo unao, tumeuona. Sasa tunataka masikio." Wiki mbili zilizofuata sikuimba. Nilikaa kando ya ngoma nikasikiliza. Ndipo nilipoanza kutambua kwamba waitikiaji hawakuhesabu mapigo kama nilivyokuwa nikihesabu. Walimngoja mpiga gitaa la kati ageuze kifungu chake, nao wakaingia juu ya mgeuko huo.

Kosa langu kubwa nililifanya Naivasha, katika ziara yangu ya kwanza nje ya jiji. Wimbo mmoja wa bendi, ambao haujapata kurekodiwa, ulikuwa na kipande hiki: "siku ile tuliachana". Kwa mwanafunzi wa Kiswahili sanifu kipande hicho kina dosari bayana, kwani kirejeshi kimeachwa kama ilivyo kawaida katika mazungumzo ya Nairobi. Usiku huo, bila kumwambia mtu, niliimba "siku ile tulipoachana". Kisarufi nilikuwa sawa. Lakini kipande cha awali kina mizani tisa, nami nilikuwa nimekipa mizani kumi. Mizani ya kumi ilikosa mahali pa kukaa. Niliumaliza mstari baada ya gitaa kugeuka, mwenzangu akanifuata mimi badala ya gitaa, na kiitikio kizima kikaingia kikiwa kimechelewa. Wachezaji wawili watatu walisimama, wakatutazama. Kiongozi wa bendi hakusema neno hadi mwisho wa usiku. Kisha akasema kwamba ziara ijayo wangekwenda bila mwitikiaji wa tatu.

Tuliporudi Nairobi alfajiri, mpiga gitaa la kati alikuwa ameketi kando yangu katika matatu. Hakunilaumu. Aliniuliza ni nini nilichotaka kukirekebisha, nikamweleza habari ya kirejeshi. Alifikiri kidogo, akagongagonga kifungu chake juu ya goti, kisha akasema: "Ukiongeza, punguza."

Tulikuwa tumepita Uthiru nilipopata jibu. Niliondoa neno "ile". Kikabaki "siku tulipoachana": mizani nane. Silabi ya pili ya neno "siku" ikavutwa kidogo ili kujaza pengo, na gitaa likageuka mahali pake. Jumanne tulikijaribu chumbani. Mzee wa besi alicheka, akakirudia mara mbili, nacho kikabaki hivyo hadi nilipoiacha bendi. Ziara iliyofuata nilikwenda, na kwa mara ya kwanza nilipewa fungu langu la mapato.

Mafunzo kwa Uhakiki

Tukio hilo ni dogo, lakini linaibua swali ambalo mbinu zetu za uhakiki hazijalijibu: mstari ule ni wa nani? Mtunzi wa wimbo aliuandika kwa sura nyingine. Mimi nilileta kirejeshi kutoka darasani. Mpiga gitaa, ambaye hakuwahi kuimba hata neno moja jukwaani, ndiye aliyetoa kanuni iliyouokoa. Na mizani nane tuliyoifikia ndiyo mizani ya kipande cha shairi la kimapokeo, ingawa hakuna kati yetu aliyekuwa akilifikiria shairi. Laiti wimbo huo ungerekodiwa, jina moja tu lingeandikwa chini yake.

Kutokana na hayo, ninapendekeza mambo matatu. Mosi, anayechambua wimbo wa dansi aulize ni nani aliyekuwa amejiunga na bendi karibuni wakati wimbo unatungwa, na alitoka bendi gani. Katika kisa cha Les Wanyika swali hilo linatupeleka moja kwa moja kwa Ngereza na mazoea ya Kikongo aliyokuja nayo. Pili, tusiharakishe kuyaita "makosa" maumbo ya lugha tunayoyakuta katika nyimbo. Baadhi yake ni makosa kweli. Mengine yamekaa pale kwa sababu gitaa limeyaita. Haiwezekani kuyatofautisha kwa kusoma maneno peke yake. Tatu, tuyachukulie masimulizi ya wanamuziki kuhusu siku zao za mwanzo kuwa ni matini ya fasihi simulizi yenye mpangilio wake: kutoka, kizingiti na kupokelewa.

Huenda ikadaiwa kwamba mkabala huu unampokonya mtunzi haki yake. Sivyo. Mtunzi hubaki mtunzi, kama mwenye shamba anavyobaki mwenye shamba. Tunachodai ni kwamba waliolima watajwe.

Hitimisho

Ndugu Wilson na George Kinyonga walifariki katika miaka ya 1990, na Omar Shabani akawafuata mwishoni mwa muongo huo huo. Wengi wa kizazi chao wametangulia mbele ya haki, na waliobaki ni wazee. Tunayo majina ya bendi zao na nyimbo zao zilizovuma. Tulichonacho kidogo mno ni maelezo ya mwezi wao wa kwanza: nani aliwaambia wanyamaze, ni wimbo gani waliouharibu, ni nani aliyeketi kando yao katika safari ya kurudi.

Kazi hiyo haihitaji ufadhili mkubwa. Simu ya mkononi inatosha kunasa sauti, na nauli ya kwenda Kawangware au Kangemi si ghali. Inahitaji tu mwanafunzi atakayekubali kukaa kando ya ngoma kwa wiki mbili bila kufungua mdomo. Kwa upande wangu, mzee wa besi alinifunza hilo kabla ya mhadhiri yeyote. Nilipokwenda kumuaga aliniuliza kama nitaandika habari zao. Nilimjibu kwamba nitaandika. Akasema, "Basi usisahau kuandika kwamba ulikosea." Nimeandika.